Lugha Iliyobaki

Baba yangu alipatwa na kiharusi alfajiri moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 2018, umri wake ukiwa miaka 74. Alikuwa uani, penye majamvi ya kahawa, akitandaza matunda ya jana yapate jua mapema, kama ilivyo ada ya watu wa Karagwe na Kyerwa katika miezi ya mavuno. Mama asema kwamba fimbo ndiyo iliyoanguka kwanza. Kisha mdomo wa baba ukaenda upande. Kisha yeye mwenyewe akaketi chini taratibu, mfano wa mtu aliyechoka na safari. Hakulia wala hakuita. Mama alipomwuliza ana nini alifungua kinywa kujibu, na jibu halikutoka.

Mimi nilikuwa mbali, katika chuo kikuu ninakofundisha Kiswahili. Nilipata habari kwa simu jioni ya siku ile. Nakiri mbele ya msomaji kwamba habari ile haikunishangaza kama ilivyonipasa, maana njia iliyoileta nilikuwa naijua. Miaka miwili kabla yake tabibu alimpima baba akamkuta na shinikizo kubwa la damu, akampa vidonge vya kumeza kila siku ya maisha yake. Baba alivimeza mwezi mmoja, akajiona mzima, akaviacha. Aliniambia jambo hilo mwenyewe katika simu, kwa kujisifu, kama mtu aliyeshinda kesi barazani. Nami nikacheka pamoja naye, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuingia darasani. Hiyo ndiyo sehemu yangu katika jambo hili, wala sina mtu wa kumtwika.

Maradhi haya si mageni kwetu. Uchunguzi uliofanywa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam, ulionyesha kwamba katika kila watu 100,000, baada ya kusawazisha hesabu za umri, watu kama 109 hupatwa na kiharusi kila mwaka huko Hai, na kama 316 katika Dar es Salaam. Idadi hiyo ya mjini ni kubwa hata kwa kuipima na nchi nyingi za ng'ambo. Watu wetu wengi hawasemi kiharusi. Husema fulani amepooza. Niliyazoea maneno hayo darasani, nikiwaonyesha wanafunzi kwamba dawa hupoza na maradhi hupooza, na kwamba irabu moja ikirefushwa yatosha kumtoa mtu katika afya na kumtia katika ulemavu. Wanafunzi hupenda mfano huo. Tangu mwaka ule mimi siutumii tena.

Siku mbili zilipita kabla baba hajafikishwa hospitali, kwa sababu wako walioona kwamba ametupiwa kitu, na mtaalamu wa vitu vilivyotupwa alikaa karibu kuliko tabibu. Nilipofika nilimkuta amelala, upande wote wa kulia umekufa ganzi, macho yake yako wazi na yananijua. Siku ya tano alisema neno la kwanza. Alisema, "Amaizi." Muuguzi, aliyekuwa mgeni kutoka mkoa mwingine, aliniuliza mzee ataka nini. Nikamwambia, ataka maji.

Hapa sina budi kueleza baba yangu alikuwa nani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka zaidi ya thelathini. Alikuwa kijana kazini mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi zote nchini, na alilipokea jambo hilo kama wengine wapokeavyo dini. Kinyambo, lugha yake ya kuzaliwa, kilikuwa cha nyumbani na cha shambani. Kikivuka mlango wa shule kilikuwa kosa. Palikuwa na kibao cha mti chenye kamba, na mtoto aliyesema Kinyambo alivikwa shingoni mpaka amkamate mwenziwe kwa kosa lilelile. Nilikivaa siku mbili katika darasa la tatu, kwa kuwa niliona mawingu dirishani nikapiga kelele, "Enjura!" Mwalimu aliyenivika alikuwa baba. Jioni nyumbani alisema nami kwa Kiswahili, na tangu siku ile sisi wawili hatukusema lugha nyingine. Nilikuwa mwanafunzi mwema. Nilikwenda na Kiswahili mpaka nikapata shahada ya uzamivu, na Kinyambo changu kikabaki pale pale nilipokiacha, Kinyambo cha mtoto wa miaka tisa aliyeona mvua.

Sasa, kitandani, baba huyu alikuwa na Kinyambo peke yake. Tena hakikuwa kizima: maneno yalikuja moja moja, baadaye mawili mawili, mengine yamegeuka sura. Kiswahili kilikuwa kimeondoka. Aliponisikia nasema alielewa mengi, yaonekana, kwani aliitikia kwa kichwa mahali palipostahili. Lakini ulimi wake haukupata hata jina la kikombe alichokishika. La ajabu ni kwamba mjukuu alipoanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, baba alimfuata mpaka kumi bila kukosea. Na redio ilipopiga Mungu Ibariki Afrika aliimba ubeti mzima kwa sauti ya mwalimu wa zamu, machozi yakimtoka. Wimbo ulipokwisha alijaribu kusema neno moja la ule ubeti, asiliweze.

Nilifanya kama wafanyavyo watu wa vyuo wanaposhikwa na hofu: nilikwenda maktaba. Nikasoma kwamba mwaka 1861 tabibu wa Paris, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa wake aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi moja, tan, ingawa alielewa aliyoambiwa. Alipokufa Broca alikuta jeraha katika upande wa kushoto wa ubongo, sehemu ya mbele, na tangu hapo yajulikana kwamba usemi una makao yake, na makao yakibomoka mtu hupata maradhi ya afasia. Nyimbo, hesabu na sala zaweza kusalimika, kwa kuwa hutoka kwa mkondo mwingine, kama maji yapitayo chini ya daraja lililovunjika. Kuhusu watu wenye lugha mbili palikuwa na kauli mbili katika Ufaransa ileile. Théodule Ribot, mwaka 1881, alishika kwamba la kale hudumu kuliko jipya. Albert Pitres, mwaka 1895, alishika kwamba hurudi kwanza lugha ile mtu aliyoizoea zaidi kabla ya kuugua. Wataalamu wa leo wasema wagonjwa hawakubali kukaa ndani ya kauli yoyote ya hizo mbili. Mimi nilizitazama kwa macho ya mwana. Ikiwa Ribot asema kweli, Kinyambo kilibaki kwa sababu ni cha utotoni. Ikiwa Pitres asema kweli, basi lugha ambayo baba aliisema zaidi maishani mwake ilikuwa ile ambayo sisi watoto hatukuisikia, aliyosema na mama usiku, na majirani, na migomba yake. Na Kiswahili alichotupa sisi kilikuwa nguo ya kazini.

Hapo nilifanya kosa kubwa kuliko lile la vidonge. Mwezi wa Januari 2019 nilimchukua baba nikamleta kwangu mjini, nikidhani kwamba wema ni hospitali kubwa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo mara tatu kwa juma, na nyumba yenye sakafu isiyo na mashimo. Mwili wake ulipata faida, sikatai. Alijifunza kusimama na kupiga hatua kwa mkongojo. Lakini kila asubuhi watoto wa majirani walipita mlangoni wakimwambia, "Shikamoo, babu," kwa adabu zote, na kila asubuhi baba alitafuta neno marahaba, neno ambalo aliwafundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini, asilipate. Watoto waliona hawajibiwi. Baada ya majuma machache walipita upande wa pili wa njia. Naye akaacha kuketi mlangoni, akawa akae chumbani uso ukielekea ukutani, na mwezi wa nne alikuwa hasemi hata Kinyambo, maana katika nyumba yangu hapakuwa na wa kukisema naye. Mke wangu ni mtu wa Tanga. Nami nilikuwa naona haya. Kwa kweli ndivyo ilivyokuwa: daktari wa lugha aliona haya kumwuliza baba yake kwa Kinyambo kama amelala vema, akichelea kucheka mwenyewe.

Nilimrudisha mwezi wa Mei. Ni safari ya zaidi ya siku nzima kwa basi, na baba aliipitisha akiwa kimya mpaka tulipouacha msitu wa Biharamulo nyuma. Tuliposhuka Omurushaka, mwanamke aliyeuza ndizi za kuchoma alimwona mzee mwenye mkongojo, akamsalimu kwa Kinyambo pasipo kumjua. Baba akamjibu. Hakujibu neno moja tu. Alijibu kwa sentensi tatu, zenye kigugumizi, nami nikaelewa nusu yake, na yule mwanamke akacheka akampa ndizi asitake fedha. Nilisimama na mizigo pale stendi nikiwa nimefurahi na nimeaibika kwa pamoja.

Nyumbani kwetu ni upande wa Nkwenda. Nilipozaliwa palikuwa wilaya ya Karagwe. Tangu mwaka 2012 pamekuwa wilaya ya Kyerwa, na baba hupenda kuonyesha kwa mkono wake mmoja jinsi alivyohama wilaya akiwa amekaa juu ya kiti chake. Ndugu zake walimpeleka Mtagata, kwenye chemchemi za maji ya moto ambazo watu wa nchi yetu wameziendea kwa ajili ya maradhi tangu kale; Stanley alizikuta na wagonjwa wake mwaka 1876. Mkono haukufunguka kwa maji yale. Hata hivyo baba alirudi na furaha ya siku kumi, kwa kuwa huko aliketi majini na wazee wengine waliopooza, na wote walisema polepole.

Jambo hilo la kuketi lilinikumbusha mgonjwa mwingine wa Karagwe. Mwezi wa Novemba 1861, mwaka uleule wa Broca, Speke na Grant walifika kwa Mukama Rumanyika, Bweranyange. Mguu wa Grant ukavimba na kutoka vidonda, asiweze kutembea. Mwezi wa Januari Speke alimwacha akaenda Buganda, na Grant alibaki kwa Rumanyika mpaka Aprili 1862, akatoka akiwa amechukuliwa juu ya machela. Vitabu vya shule hueleza habari za Speke, maana ndiye aliyefika mahali mto Naili utokapo ziwani, bila ya Grant. Lakini mtu atakaye kujua watu wa Karagwe wa siku zile walivyoishi ataona kwamba yule aliyelazwa chini alikuwa na nafasi ya kutazama kuliko yule aliyekuwa mbioni. Grant alichora picha za watu na nchi, akaandika aliyoyaona, na kitabu chake kikatoka mwaka 1864. Simsifu kupita kiasi. Alitazama kwa macho ya wakati wake, na mengine aliyoyaandika yachukiza. Nasema tu kwamba kazi yake ile ilimjia kwa mlango wa mguu mbovu. Nilimweleza baba kisa hiki kwa Kinyambo changu kibovu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasahihisha maneno manne, kisha akatikisa kichwa. Yeye alitaka mguu.

Hapana, hakuyapokea maradhi kwa upole kama wazee wa hadithini. Mwaka ule wa kwanza alitupa vikombe. Alilia kwa jambo dogo, akamkasirikia aliyemwona analia. Siku moja alikokota jembe mpaka kwenye migomba kwa mkono wa kushoto, akaanguka, akalala pale mpaka alasiri kwa kuwa hakutaka kuita kwa maneno ambayo yangetoka yamevunjika. Mimi sikujua la kumfanyia. Lililomsaidia lilikuja kwa bahati, na mimi ndimi niliyekuwa na haja.

Mwaka 2002 Mradi wa Lugha za Tanzania, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulichapisha msamiati wa Runyambo, Kiswahili na Kiingereza, kazi ya Profesa Josephat Rugemalira. Nilikuwa nao katika rafu yangu miaka mingi, kama mtu awekavyo picha ya babu yake ukutani. Likizo ya Desemba 2019 nilikwenda nao nyumbani ili nijifunze kusema na baba, nikaufungua uani, mbele yake. Nilisoma neno, naye akatikisa kichwa. Nilikuwa nimelitamka vibaya. Akalitamka. Nikarudia. Akakataa. Tulikwenda hivyo mpaka jua likatua, na mama akasema kutoka jikoni kwamba tangu augue hajamsikia akisema kwa muda mrefu namna ile. Kesho yake baba aliamka kabla yangu, akaketi kitini, kitabu juu ya paja, penseli katika mkono wa kushoto, akiningoja kwa uso ambao niliujua sana. Ulikuwa uso wa mwalimu ambaye mwanafunzi wake amechelewa.

Tangu siku ile tumeshika kazi hiyo kila likizo, na katikati ya likizo wajukuu huendelea nayo. Katika kila neno alijualo baba hutia alama. Pale anapoona pana neno lisilokuwemo, au lisemwalo namna nyingine upande wetu wa Nkwenda, hupiga meza. Ndizi zilitushika siku tatu. Alitaka enshakala isimame peke yake, na entobe, na enchoncho, na embiire ya pombe, na gonja, na nyingine ambazo sijaziona maishani mwangu, kwa kuwa mnyauko ulioingia Kagera mwaka 2006 ulizifuta katika mashamba ya jirani. Na kila mgomba ulikuwa na habari zake, nani aliuleta, uliliwa katika arusi ipi. Akikosa jina, hunyamaza, hufumba macho, hulitafuta. Mara nyingine hulipata siku ya pili, akamtuma mtoto aniite hata kama nakula. Nina madaftari manne sasa. Sijui kama yatakuwa makala ya kitaalamu, na kusema kweli sina haraka.

Wako waandishi ambao maradhi haya hayakuwazima. Mshairi wa Sweden, Tomas Tranströmer, alipatwa na kiharusi mwaka 1990, akapoteza sehemu kubwa ya usemi na mkono wa kulia. Alichapisha vitabu vya mashairi baada ya hapo, akawa anapiga piano kwa mkono wa kushoto, na mwaka 2011 akapewa tuzo ya Nobel. Baba hakupewa kitu. Lakini watoto wa kijiji wamejua kwamba mzee yule hajibu shikamoo, ila ukimsalimu kwa Kinyambo hukuweka kitako akakusahihisha. Nao humjia wakitoka shule, wengine kwa kujifunza, wengine kwa kuiga sauti yake na kucheka. Hacheki nao, wala hawafukuzi. Ile shule ya zamani na kibao chake ni mwendo wa robo saa kutoka hapo.

Nilimwuliza juu ya kibao. Ilinichukua likizo mbili kupata ujasiri, na maneno ya Kinyambo ya kuuliza. Alitazama mikono yake, mmoja uliokufa na mmoja uliobaki, akasema neno ambalo sikulijua. Nilitafuta katika msamiati nisilione. Nikamwuliza mama. Mama akasema si neno, ni pumzi tu.

Yafaa niseme habari za mama, kwa kuwa katika makala kama haya mgonjwa hupata sifa na mtunzaji hupata aya moja. Mama ndiye anayemwamsha, anayemwosha, anayemgeuza usiku, anayemvisha shati kwa kutanguliza mkono mbovu kama alivyofundishwa. Husaidiwa na mjukuu mmoja, binti wa dada yangu marehemu. Kagera ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa, mwaka 1983, na nyumba nyingi kwetu zilirudi mikononi mwa wazee wakati ambapo wazee walidhani wamemaliza kulea. Yetu ilikuwa mojawapo. Binti huyo sasa ni mtu mzima, naye humnyosha babu yake vidole kimoja kimoja kila jioni, akihesabu kwa Kiswahili ili babu ahesabu pamoja naye. Siku moja nilimwambia mama kwamba nafurahi kuona baba amepata kazi. Alikuwa akimenya ndizi. Akanijibu bila kuinua uso kwamba yeye kazi hajapata kuikosa. Nikachukua kisu nikaketi nimsaidie, na kwa nusu saa hatukusema lugha yoyote.

Desemba iliyopita nilifika wakati wa senene. Watoto walikuwa wamezunguka sinia, wakiwatoa mbawa na miguu, na baba katikati yao akishika senene mmoja mmoja kwa mkono wa kushoto, polepole mno, akiwataja sehemu zake. Aliponiona hakunisalimu. Aliinua mguu wa nyuma wa mdudu yule, mwembamba, wenye miiba midogo, akauelekeza kwangu na kungoja. Nilisema neno nililodhani ndilo. Watoto wote wakapiga kelele kwamba sivyo, na baba akaonyesha kwa kidevu mahali palipobaki wazi kwenye jamvi, nikae.